Watu 17 wa msalabani: tathmini ya huduma ya utafutaji ya Tume ya Makaburi ya Vita

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi, haina foleni wala risiti, na wengi wanaoihitaji hawajui kama ipo. Ni kanzidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyohifadhi kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7, wanaume kwa wanawake, waliokufa wakitumikia majeshi ya Uingereza na ya nchi zilizokuwa chini ya himaya yake katika Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia. Niliitumia kwa majuma matatu kwa shughuli moja tu: kuwatafuta watu 17 ambao majina yao yamechongwa kwenye msalaba wa mawe katika uwanja wa kanisa la kijiji kimoja cha Shropshire, Uingereza, ambako nilikuwa nimefikia kwa shemeji yangu. Mzee wa kanisa, mtu wa miaka 80 na ushei, alitaka karatasi ya kubandika kwenye ukumbi wa mlango wa kanisa kabla ya ibada ya kumbukumbu ya Novemba, yenye maelezo mafupi ya kila jina. Na kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mgeni wa jirani yake anaelewa kompyuta, kazi hiyo ikaniangukia mimi.

Msalaba wenyewe si mrefu. Umesimama kati ya lango la uwanja na mlango wa kanisa, juu ya vidato vitatu vya mawe, na upande wake wa kaskazini umeota kuvu kiasi kwamba herufi za chini husomeka kwa kupapasa kwa kidole kuliko kwa kutazama. Majina yamepangwa kwa alfabeti, herufi ya kwanza ya jina la mtu na kisha jina la ukoo, pasipo cheo, pasipo kikosi, pasipo umri, hata mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa mtunza farasi wake wamekaa mstari mmoja juu ya mwingine bila tofauti yoyote. Jina la 17 peke yake ndilo lililovunja mpangilio: ukoo wake unaanza kwa herufi B lakini limewekwa chini kabisa, na mchongo wake hauna kina kama ule wa mengine, dalili kwamba liliongezwa baadaye na fundi mwingine. Sitayataja majina hayo hapa, kwa kuwa baadhi ya koo zingali zinaishi kijijini na sikuwaomba ruhusa.

Ni lazima nieleze mapema jambo ambalo lilinichanganya mimi mwenyewe siku ya kwanza, kwamba misalaba ya namna hii si mali ya Tume na haikujengwa nayo. Ilijengwa na wanakijiji kwa michango yao, mingi katika miaka michache iliyofuata mwisho wa vita mwaka 1918, na kila kijiji kiliamua chenyewe nani aandikwe na nani asiandikwe. Sababu ya kuijenga ilikuwa ya uchungu. Tangu mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilikuwa limepiga marufuku kurudisha nyumbani maiti za askari waliofia ng'ambo, na uamuzi huo ukaachwa kama ulivyo hata baada ya vita, kwa hoja kwamba tajiri asimlete mwanawe wakati maskini hana uwezo wa kumleta wake. Mama wa Shropshire asiyekuwa na nauli ya kwenda Ufaransa hakuwa na kaburi la kusimama mbele yake. Alikuwa na msalaba huu tu. Tume, kwa upande wake, iliundwa kwa hati ya kifalme tarehe 21 Mei 1917 kwa juhudi za Fabian Ware, na kazi yake ilikuwa kuyatunza makaburi kule kule yalikochimbwa na kuwaandika mahali fulani wale wasiokuwa na kaburi linalojulikana. Orodha ya kijiji na orodha ya Tume, kwa hiyo, ziliandikwa na watu tofauti kwa nia tofauti, na utamu wote wa kazi hii, pamoja na taabu zake, hutokana na kujaribu kuzilinganisha.

Kutafuta ni bure na hakuhitaji kujisajili. Anayeingiza jina la ukoo na herufi ya kwanza, kama lilivyo msalabani, huletewa watu kwa mamia ikiwa ukoo wenyewe ni wa kawaida, na hapo wengi hukata tamaa. Ufunguo niliougundua usiku wa pili ni ile sehemu ya maelezo ya ziada, ambamo mtafutaji anaweza kuandika jina la kijiji badala ya jina la mtu. Maelezo hayo yalitokana na fomu ambazo Tume ilizituma kwa jamaa baada ya vita, ikiwaomba wathibitishe majina na umri wa marehemu na kutaja wazazi au mke na mahali walipoishi. Waliojibu waliacha alama ambayo leo inamtoa mtu wao katika msitu wa majina yanayofanana. Wasiojibu, ama kwa huzuni, ama kwa kuhama, ama kwa kuwa barua haikuwafikia, walituachia namba ya jeshi na tarehe basi. Kwa njia hiyo niliwapata tisa kwa mkupuo mmoja, nikiwa sijamaliza hata kikombe cha chai.

Wengine watano walinichukua siku nyingi zaidi, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo ilikuwa kosa langu. Nilidhani kwamba mtu wa Shropshire angekuwa katika kikosi cha Shropshire, kwa hiyo nikawa nawapuuza wote waliokuwa katika vikosi vya mikoa mingine. Kumbe tangu uandikishaji wa lazima ulipoanza mwaka 1916, kijana aliweza kupelekwa kokote ambako pengo lilikuwa kubwa, na kati ya watu wangu 17 ni saba tu waliokufa wakiwa wamevaa beji ya mkoa wao.

Ukurasa wa kila mtu una mambo machache, lakini yamewekwa vizuri: cheo, namba, kikosi, tarehe ya kufa, umri kama ulijulikana, jina la makaburi, na alama ya mahali penyewe, yaani eneo, mstari na namba ya kaburi, kiasi kwamba mgeni aweza kutembea moja kwa moja hadi kwenye jiwe. Chini yake, kwa wengi, kuna nakala za karatasi za awali zilizopigwa picha, na hapo ndipo nilipokesha. Ni fomu zilizopigwa chapa kwa mashine ya zamani, wino umefifia, na kando yake pana mikono ya makarani waliosahihisha: namba ya jeshi imekatwa na nyingine kuandikwa juu, herufi moja ya jina imeongezwa kwa kalamu nyekundu, mstari mzima umefutwa kwa sababu maiti ilitambuliwa kuwa ya mtu mwingine. Karatasi nyingine ni ya maagizo ya mawe ya makaburi, na ina safu ya maneno ambayo familia iliyachagua yachongwe chini ya msalaba wa jiwe. Yaliruhusiwa yasiyozidi herufi 66, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na mwanzoni familia ilitakiwa kuchangia peni tatu na nusu kwa kila herufi. Mtu akishajua hilo hawezi tena kuusoma ufupi wa maneno yale kama alivyousoma zamani. Nilijikuta nikizihesabu herufi za mstari wa zaburi aliouchagua mjane mmoja na kuzizidisha.

Mfano mmoja unaonyesha vyema huduma inapofanya kazi yake sawasawa. Jina la sita msalabani ni la kijana aliyekuwa katika kikosi cha 7 cha wapiganaji wa miguu wa Shropshire, akafa tarehe 14 Julai 1916 katika shambulio la alfajiri kwenye ukingo wa Bazentin, katika vita vya Somme huko Ufaransa. Umri wake ni miaka 19. Hana kaburi, jina lake liko kwenye mnara wa Thiepval, pamoja na ya wengine zaidi ya 72,000 waliopotea katika eneo hilo bila miili yao kupatikana au kutambuliwa. Ukurasa unataja hata namba ya nguzo na upande ambapo jina limechongwa. Shemeji yangu, ambaye kwa miaka 12 amekuwa akilipita jina hilo kila Jumapili, aliposikia umri alinyamaza kidogo kisha akasema kwamba siku zote alimdhania kuwa mzee.

Kuna jingine lililo karibu zaidi. Kanzidata huweza pia kutafuta kwa mahali, na nilipoandika jina la kanisa lenyewe nikaambiwa kwamba humo uwanjani mna kaburi moja lililo chini ya uangalizi wa Tume. Tume inaangalia makaburi ya vita katika maeneo zaidi ya 12,000 ndani ya Uingereza peke yake, mengi yakiwa viwanja vya makanisa kama hiki, na kibao kidogo cha kijani langoni ndicho kinachoarifu. Kibao kilikuwepo, nilikuwa nimekipita zaidi ya mara kumi. Jiwe lenyewe liko hatua kama 20 nyuma ya msalaba, jeupe, limeviringwa juu, na kimo chake ni sentimita 81 zilezile za mawe ya Tume yaliyoko Ufaransa na Ubelgiji. Aliyelala hapo alifia hospitali ya kijeshi humu humu nchini mwezi Novemba 1918, ndiyo maana marufuku ya kusafirisha maiti haikumhusu, na jina lake ni la 11 kwenye msalaba. Mzee wa kanisa alikuwa akilijua jiwe na akilijua jina, lakini hakuwahi kuyaunganisha, kwa sababu msalaba una herufi moja tu na jiwe lina jina kamili ambalo mtu huyo hakuitwa nyumbani.

Nimeahirisha kwa makusudi kumtaja mtu wa 14, maana yeye ndiye aliyenifanya niandike tathmini hii kwa Kiswahili. Alikuwa dereva katika idara ya magari ya jeshi. Nilipofungua ukurasa wake nikitarajia Ufaransa au labda Mesopotamia, nikakuta kwamba alikufa mwaka 1917 na amezikwa katika Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam. Makaburi hayo nayajua kwa macho. Yako kando ya Barabara ya Bagamoyo na nimeyapita kwa daladala miaka na miaka, nikiona nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yaliyojipanga, wala sikuwahi kushuka. Maelezo ya historia kwenye ukurasa wa makaburi yanaongeza kwamba hakuzikwa hapo awali. Makaburi ya barabara ya Bagamoyo yalianzishwa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya Vita vya Kwanza yalipolazimika kuhamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha ujenzi wa barabara. Mtoto wa Shropshire, basi, alizikwa kando ya Bahari ya Hindi, akafukuliwa baada ya nusu karne, akazikwa tena mbali kidogo na bahari, na kila hatua ya safari hiyo imeandikwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma. Kuhusu kilichomuua ukurasa hausemi lolote, lakini anayeijua vita ya Afrika Mashariki anajua kwamba malaria na kuhara damu viliwamaliza watu wengi kuliko risasi.

Sifa zote nilizozitoa hadi hapa zinastahili, na kama ningetakiwa kutoa nyota ningetoa tano kwa wote niliowataja. Lakini kwa kuwa huyo dereva amenifikisha Dar es Salaam, niligeuza swali. Magari aliyoyaendesha yalikwama kila mvua iliponyesha, wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, na mizigo ya jeshi ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, ambao kambi yao iliupa mtaa wa Kariakoo jina linalotokana na la kikosi chao, Carrier Corps. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu. Nikajaribu kuwatafuta kwa njia ileile iliyonipatia watu wa kijijini, yaani kwa kuandika jina la mahali katika maelezo ya ziada, nikitumia majina ya vijiji vya kwetu. Sikupata kitu, na hili halikutokana na ubovu wa programu. Hakuna fomu iliyotumwa kwa mama wa mpagazi. Katika miaka ya 1920 wakuu wa serikali ya kikoloni na wa Tume walikubaliana kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi porini, na badala ya majina ikajengwa minara ya jumla Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maandishi ya Kiswahili yanayowasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini haina jina hata moja la mtu. Kijiji cha kaya chache cha Shropshire kina majina 17. Sanamu iliyosimama katikati ya jiji kwa ajili ya maelfu haina hata moja.

Tume yenyewe imelikiri hilo. Ripoti iliyoichapisha mwezi Aprili 2021 ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na Tume ikaomba radhi. Kazi ya kutafuta majina katika nyaraka za zamani inaendelea, na mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town mnara unaowataja kwa majina zaidi ya watu 1,700 Weusi wa Afrika Kusini waliotumika bila silaha na ambao awali hawakuandikwa popote. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kumtafuta babu wa babu aliyebeba mizigo, hata hivyo, ushauri wangu wa kweli ni kwamba asianze na kanzidata hii akitarajia makubwa. Mzee wa ukoo anayekumbuka nani aliondoka na hakurudi bado ana habari nyingi zaidi.

Kuna mipaka mingine ambayo ni ya kawaida zaidi. Tume huwahesabu waliokufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921 kwa vita vya kwanza, na kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 kwa vita vya pili. Aliyekufa siku moja baada ya hapo hayumo, hata kama jeraha lake ni lilelile. Wapo pia walioandikishwa kwa jina la uongo, kwa kuficha umri au kumkimbia mtu, na hao hupatikana tu ikiwa familia ilisema ukweli baadaye. Katika orodha yangu mmoja sikumpata kwa jina lolote. Mwingine nilipata wawili wanaolingana naye kwa kila kitu, wote wa kikosi kimoja, na sikuwa na msingi wa kumchagua mmoja nikamwacha mwenzake.

Kwa ajili ya majina hayo mawili nilijiunga na tovuti moja ya nasaba inayotoza ada kwa mwezi, nami nashauri wengine wafikiri mara mbili. Iliniahidi mafaili ya utumishi ya askari wa Vita vya Kwanza, bila kueleza kwa herufi zinazosomeka kwamba zaidi ya nusu ya mafaili hayo yaliteketea London mwezi Septemba 1940 ghala lilipopigwa kwa mabomu ya Ujerumani, na yaliyonusurika mengi yana kingo zilizoungua. Faili nilizotaka hazikuwemo. Ada ya mwezi wa pili ilikatwa kabla sijakumbuka kujitoa, na barua zangu mbili zilijibiwa na mashine. Huduma ya bure ilinipa watu 14. Ya kulipia haikunipa hata mmoja.

Karatasi ilikamilika siku nne kabla ya ibada. Niliichapa kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho ya wasomaji wake: jina, umri, kikosi, tarehe, na mahali alipo sasa. Kwa yule aliyelingana na watu wawili niliandika wote. Kwa asiyepatikana niliandika kwamba hajapatikana. Kwa jina la 17, lile la herufi B lililochongwa chini kabisa, niliacha nafasi tupu, nikamweleza mzee wa kanisa kwamba kanzidata haina mtu wa jina hilo anayelingana na kijiji hiki. Akacheka taratibu. Akasema huyo alirudi, na alirudi na mapafu yaliyoharibiwa na gesi ya sumu, akaishi chumba cha nyuma kwa dada yake hadi mwaka 1923, na alipokufa kijiji kilibishana majira mazima ya baridi kama anastahili kuwekwa msalabani au la, ndipo akaitwa fundi wa mji wa pili kuja kumwongeza. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaweka karatasi juu ya goti, na katika ile nafasi tupu, kwa mwandiko unaotetemeka, akaandika kwamba yumo humu humu uwanjani, mstari wa pili kutoka ukuta wa mashariki, jiwe la kijivu.